Nyatiti haiingii kwenye vijumba kumi na sita

Swali: "Mwalimu, mimi ni mzee wa Ahero, nimepiga nyatiti, kinubi chetu cha waya nane, tangu ujana. Mjukuu wangu wa miaka 12 amekuja likizo na simu yenye gemu mbili za kutengeneza muziki. Moja ina watu wadogo saba wanaovalishwa, wakishavaa wanaanza kuimba. Nyingine ina vijumba vya kubonyeza. Anajiita mtunzi. Nikamwambia anitengenezee ngoma yangu moja, ile ambayo vidole vinakwenda mbili mbili na mguu unakwenda tatu tatu. Alikaa nayo siku mbili. Kilichotoka kilikuwa gwaride. Sasa kijana amevunjika moyo na anasema ngoma yangu haiko sawa. Kosa ni la nani? Na je, ndani ya gemu hizi kuna muziki kweli au anamaliza bando bure?"

Mzee wangu, pokea salamu kutoka Kisumu. Naanza na ngoma yako kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kazi nyingine nikujibu. Ngoma yako iko sawa kabisa. Mtoto pia hana kosa. Tatizo liko kwenye namna kioo cha ile gemu ya vijumba kilivyogawanywa, na mwambie hivyo leo jioni kabla hajalala.

Mwombe akuonyeshe kioo chenyewe. Utaona mstari wa vijumba kutoka kushoto kwenda kulia, na mwanga unaovipitia kimoja kimoja. Mtoto akitia alama ndani ya kijumba, mwanga ukifika hapo sauti inalia, na ukifika mwisho unarudi mwanzo. Gemu nyingi za aina hii zina vijumba 16: mapigo manne, kila pigo limekatwa vipande vinne. Disko, hip hop, gengetone, karibu kila kinacholia kwenye matatu za Kondele kinakaa humo bila kulalamika.

Ngoma yako ina hesabu nyingine. Vidole mbili mbili na mguu tatu tatu maana yake mzunguko mmoja una vipande 12. Mguu unaanguka kwenye cha 1, cha 4, cha 7 na cha 10. Vidole vinaanguka kwenye cha 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Mnakutana mara mbili tu, mwanzoni na kwenye cha 7, halafu mnaachana tena. Mvutano huo kati ya kukutana na kuachana ndio unaomfanya mtu aliyekaa ainuke.

Sasa jaribu kuuweka mzunguko huo kwenye vijumba 16. Mguu unaingia vizuri: cha 1, cha 5, cha 9, cha 13. Lakini ukigawa 16 kwa mapigo sita ya vidole, unapata mbili na theluthi mbili. Hakuna kijumba cha theluthi mbili. Kila pigo la kidole, ukiacha yale mawili ya makutano, linaangukia kwenye ukuta kati ya kijumba na kijumba. Mjukuu wako alikuwa na njia mbili tu: ayasukume mapigo kwenye kijumba cha karibu, yachecheme, au ayafanye manane badala ya sita, yanyooke. Naona alichagua ya pili. Mguu mapigo manne, vidole mapigo manane, ndio mwendo wa askari. Yule mtoto aliweka kila kitu mahali pa karibu zaidi alipopata. Ukumbi ndio haukuwa na viti vya kutosha.

Najua jambo hili kwa sababu nami nilimfanyia mtu kosa hilohilo. Miaka yangu ya kwanza kwenye studio, alikuja mpiga orutu, ile fidla ya waya mmoja, mzee wa makamo yako. Nikamwekea masikioni mdundo wa kuongozea, tik tik tik tik, nne kwa nne, kama nilivyofundishwa. Akapiga kidogo, akasimama. Akapiga tena, akasimama. Mwishowe akaweka upinde chini na kuniomba kwa upole nizime kile kinachogonga kwa sababu kinamkanyaga. Nilikizima, nikakaa nikahesabu mguu wake kwa macho, na siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba chombo changu kilikuwa na lugha yake na yeye alikuwa na yake. Tangu hapo, kabla sijafungua kompyuta naangalia mguu.

Kuhusu swali lako la pili, kama ndani ya gemu hizi kuna muziki. Inategemea ni gemu gani, na hapa inabidi tuzitenganishe, kwa sababu watu wanaziweka zote kapu moja.

Zipo zile za kugonga unapoambiwa ugonge. Guitar Hero ya mwaka 2005 ndiyo iliyozifanya zijulikane dunia nzima, na kwenye simu ziko nyingi za vigae vya piano vinavyoshuka. Zinafundisha sikio kushika mwendo, na hilo si dogo, lakini hapo mtoto hatungi kitu. Wimbo umeshatungwa, yeye anafuata.

Kisha zipo kama hiyo ya watu saba. Kwa maelezo yako naona ni Incredibox, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 2009, au Sprunki, ambayo ni toleo ambalo mashabiki walilichonga kutoka humo na likasambaa kwa watoto kuanzia 2024. Kama ni Sprunki, kaa naye uitazame: kuna kofia nyeusi ambayo mtoto akimvalisha mmoja wao, sura zote hugeuka za kutisha, zenye damu. Watoto wengine wanaicheka, wengine hawalali. Wewe unamjua wako.

Kimuziki, gemu hiyo imetengenezwa kwa ujanja mkubwa. Kila sauti iliyomo ilirekodiwa kwa mwendo mmoja na kwa sauti zinazopatana, kwa hiyo chochote utakachochanganya kitakubaliana. Hakuna namna ya kukosea. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1987 msanii wa Japani, Toshio Iwai, alitengeneza gemu ya kupiga risasi iitwayo Otocky, ambamo kila risasi ilitoa nota, na mashine iliisubirisha ile nota kidogo hadi iangukie kwenye pigo. Mchezaji akifyatua ovyo, bado unasikika muziki. Iwai huyohuyo mwaka 2005 alitoa Electroplankton kwa mashine ndogo ya Nintendo DS: viumbe vya majini vya aina kumi, ukivigusa kwa kalamu vinalia. Na haikuwa na mahali pa kuhifadhi ulichopiga. Ukizima, kimekwenda. Watu wengi walilalamika juu ya hilo, lakini mimi naipenda gemu ile hasa kwa sababu hiyo, maana ndivyo ilivyokuwa nyatiti ya matanga kabla ya simu: waliokuwepo ndio waliosikia.

Kwa hiyo Incredibox ina muziki, na mtoto anajifunza kitu cha kweli humo. Anajifunza kupanga: nani aingie kwanza, nani anyamaze, lini ngoma iondolewe ili sauti ya mtu isikike peke yake. Watayarishaji wakubwa wanalipwa kwa uamuzi huohuo. Lakini kutunga, hapana, bado. Mtunzi lazima aweze kukosea. Kipimo ninachokitumia mimi kwa wanafunzi wangu ni hicho: kama gemu haikuruhusu kutoa sauti mbaya, basi mazuri yanayotoka humo ni ya aliyeitengeneza. Siku mjukuu wako alipokuletea gwaride, alikuwa ameshatoka kwenye gemu ya kwanza akaingia kwenye kutunga. Alikosea kitu ambacho kilikuwa chake.

Na usidhani gemu inayokuacha ukosee haiwezi kumfikisha mtu mbali. Mario Paint ya mwaka 1992, ya Nintendo, ilikuwa na ukurasa wa kutunga ambapo nota zilikuwa picha: uso, nyota, ua, paka. Haikuwa na nota za katikati, zile za vibonyezo vyeusi vya piano, na kila pigo lilibeba sauti tatu tu. Mpaka leo kuna watu wanaotunga kwa mtindo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 PlayStation ya kwanza ilikuwa na programu iliyoitwa Music 2000, na baadhi ya vijana wa London waliokuja kuanzisha muziki wa grime walitengenezea humo biti zao za mwanzo kwa sababu nyumbani hapakuwa na kompyuta ya maana. Kwa kifaa ambacho mtaani kwetu tunakitumia kwa mpira tu, shilingi kadhaa kwa mechi! Kila nikipita kwenye kibanda cha PS pale Manyatta nakumbuka hilo.

Sasa tuirudie ngoma yako, maana nataka itengenezwe.

Mwambie mjukuu afungue kwenye simu tovuti ya bure ya Google iitwayo Chrome Music Lab, na ndani yake achague Song Maker. Haihitaji kujisajili wala kupakua kitu, na haili bando sana. Kabla hajabonyeza kijumba chochote, aende kwenye mipangilio. Hapo ndipo siku mbili zake zilipopotelea kwenye ile gemu nyingine, kwa sababu haikumpa mlango huo. Aweke mapigo manne kwa kila mzunguko, na aseme kila pigo likatwe vipande vitatu. Nne mara tatu, kumi na mbili. Kioo kitabadilika mbele ya macho yake na ngoma yako itakuwa na pa kukaa.

Chini ya kioo kuna mistari miwili ya ngoma. Ni miwili tu, na kwako inatosha kama imekatwa kwa kipimo chako: mmoja uwe wa oduong'o, pete ya dole gumba la mguu inapogonga mbao, mwingine uwe wa gara, njuga za mguuni. (Majirani zetu wa Kakamega wangepungukiwa hapa. Isukuti inataka ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mtu angelazimika kuiazima ya tatu kutoka mistari ya juu.) Atie alama za oduong'o kwenye 1, 4, 7, 10. Aache ijirudie. Usimruhusu aongeze kitu bado. Mwambie apige makofi mbili mbili juu yake kwa mikono yake mwenyewe, mpaka ashike. Watoto wengi wanataka kukimbilia kioo, lakini ngoma hii ikishaingia mikononi, vijumba vinakuwa vyepesi. Akishashika, ndipo aweke nota za vidole juu, kwenye 1, 3, 5, 7, 9, 11.

Kwa nota zenyewe, mipangilio hiyohiyo ina ngazi tatu za sauti za kuchagua: ya nota saba, ya nota tano, na ile yenye zote kumi na mbili. Aanze na ya nota tano, kisha ajaribu ya kumi na mbili, na wewe uwe umekaa karibu, nyatiti mbele yako, ukimwambia "hapana, juu kidogo". Kuna pia alama ya kipaza sauti: akiibonyeza nawe ukapiga waya mmoja, programu itatafuta nota iliyo karibu. Akimaliza, kuhifadhi kunatoa anwani ndefu ya wavuti. Aitume kwake mwenyewe kwa ujumbe, kwa sababu akiipoteza hakuna nywila itakayomrudishia.

Sasa, nimesema nota iliyo karibu. Hapa kuna jambo utalisikia wewe kabla yake. Nyatiti yako umeifunga kwa sikio, kufuata koo lako. Gemu hizi zote zimefungwa kama piano: hatua kumi na mbili zilizo sawasawa, na kati ya hatua na hatua hakuna kitu. Waya wako wa tatu unaweza kuwa umekaa katikati ya nota mbili za mashine, na mashine itakuvuta upande mmoja bila kukuuliza. Ukisikia ngoma yako imekuwa kama imefuliwa na sabuni nyingi, ni hilo. Programu kubwa za studio hugawa kila hatua sehemu 100 na kumruhusu mtu kuisogeza nota kidogo kidogo. Song Maker hairuhusu.

Lakini wenzetu walishakutana na ukuta huu zamani. Gitaa nalo lina vyuma vilivyopigiliwa shingoni, hatua kumi na mbili zilezile. Wapiga benga, muziki wetu wa gitaa, watu wa rika la D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, walilishika gitaa hilo wakalifanya lidonoe kama nyatiti, nota moja moja, haraka, ikijibizana na besi. Sauti haikuwa ileile ya waya zako. Walijua wanachoacha na wanachobeba, na walichokibeba ni mwendo. Kwa hiyo mjukuu akikuletea ngoma ambayo nota zake zina upungufu kidogo lakini mguu na vidole vinaachana na kukutana pale panapostahili, ipokee. Akikuletea nota safi juu ya gwaride, mrudishe.

Kama ana Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa bloku, au binamu zake wanayo, kuna njia ndefu zaidi ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa mtoto wa umri wake, kwa sababu anajenga ngoma kwa mikono na anaweza kutembea ndani yake. Humo kuna bloku ya nota. Ukiigusa mara moja sauti inapanda hatua moja, na unaweza kupanda mara 24, oktavu mbili kamili. Kinachobadilisha chombo ni kile ulichokiweka chini ya bloku: jiwe linatoa ngoma kubwa, mchanga ngoma kavu, mbao besi, dhahabu kengele, robota la nyasi kavu linatoa banjo. Kwa nyatiti atumie nyasi kavu, ndiyo yenye mdonoo. Kwa oduong'o atafute mchanga wa roho, unaotoa mlio wa njuga ya ng'ombe, na kwa gara dhahabu.

Bloku hizo zinaunganishwa kwa vumbi jekundu linalopitisha umeme, na kati yake kunawekwa ripita, kifaa cha kuchelewesha. Ripita ina ngazi nne: sehemu moja ya kumi ya sekunde, mbili, tatu, au nne. Apange ripita 12 kwa duara, zote ngazi ya pili. Mzunguko mzima utachukua sekunde 2.4 na mguu wako utagonga mara 100 kwa dakika. Akiziweka zote ngazi ya kwanza, mguu unakuwa 200. Katikati ya hapo hakuna, na hili ni lazima mjue mapema: kama ngoma yako inakwenda 130, ripita peke yake haziwezi kuifuata. Akijaribu kuchanganya ripita za ngazi ya kwanza na ya pili atapata wastani mzuri kwenye karatasi, lakini mwendo utachechemea, hatua ndefu, hatua fupi. Asiye na Minecraft apakue Luanti, zamani ikiitwa Minetest. Ni ya bure, inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu, na ina nyongeza iitwayo Mesecons yenye bloku za nota zinazofanana na hizo.

Hayo yote, hata hivyo, bado ni nyatiti ya kuigiza. Wewe unayo yenyewe, na simu ya mtoto ina kipaza sauti. Kama ningekuwa Ahero wiki hii, ningefanya jambo moja.

Kuna programu ya simu iitwayo Koala, inalipiwa mara moja, na watoto wanaichukua kama gemu ingawa ni chombo cha kazi. BandLab, ambayo ni ya bure, nayo ina kipengele kinachofanana. Koala inakupa vibonyezo 16 kwenye kioo. Ukishikilia kibonyezo, simu inarekodi. Ukikiachia, sauti hiyo inakaa pale, na kila ukigonga inalia. Umbo hilo la vibonyezo kumi na sita lilitoka kwenye mashine ya Akai MPC60 ya mwaka 1988, ambayo ilijenga sehemu kubwa ya hip hop ya Marekani. Nyatiti ina waya nane. Waya wa kwanza kwenye kibonyezo cha kwanza, wa pili kwenye cha pili, hivyo hivyo hadi wa nane. Cha tisa oduong'o. Cha kumi gara. Cha kumi na moja sauti yako ukiita jina la mjukuu. Hapo waya wako wa tatu utalia pale pale ulipoufunga, katikati ya nota mbili za piano, na hakuna mashine itakayouvuta.

Mrekodi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, na mbali na paa la mabati. Simu ikae shubiri mbili hivi kutoka kwenye ngozi ya nyatiti. Funga waya zote kwanza, halafu usiziguse tena mpaka mmalize, ili zisilegee mmoja mbele ya mwingine. Kila waya uuache ulie hadi ufe wenyewe. Mtoto ataona anapoteza muda. Usikubali aukate, kwa sababu ule mkia wa sauti ndio unaojaza nafasi kati ya pigo na pigo.

Akianza kurekodi ngoma kwa kugonga vibonyezo, azime ile sehemu inayonyoosha mapigo. Ikiwa imewashwa, itayachukua mapigo yake sita na kuyasukuma kwenye vijumba vya nne nne, na gwaride litarudi kupitia mlango wa nyuma. Na asitumie hedifoni za bluetooth. Zinachelewesha sauti, nyingine hadi sehemu ya tano ya sekunde, na kwa mwendo wa mguu 100 kwa dakika, sehemu ya tano ya sekunde ni kipande kizima kati ya vile kumi na viwili. Atakuwa anagonga cha 3 na kusikia cha 4, kisha ajilaumu bure. Hedifoni za waya, hata zile za bei ya chini za Oginga Odinga Street, zinafaa zaidi.

Neno fupi kuhusu kuuza, kwa sababu najua likizo haitaisha kabla hajauliza. Vipande alivyovikuta tayari ndani ya gemu vina wenyewe, na masharti ya gemu husika ndiyo yanayosema kama anaweza kuvitumia kwa biashara. Asome kabla hajapandisha popote. Waya nane mlizozirekodi wenyewe kwenye boma lenu ni zenu, na ngoma uliyoitunga ni yako. Akiitumia, jina lako liandikwe.

Nina swali moja kwako, na jibu lake linaweza kubadilisha nambari za mguu nilizoandika hapo juu. Ngoma hiyo unaianza kwa kidole au kwa mguu? Nimehesabu kama vyote viwili vinaanza pamoja kwenye kijumba cha 1, lakini wapiga nyatiti wengine niliowaona huanza na waya, na mguu unaingia baadaye kidogo, wakati mkono umeshatangulia. Kama wewe ni wa hivyo, alama za oduong'o zitasogea: huenda zikawa 2, 5, 8, 11, huenda 3, 6, 9, 12. Usinijibu kwa kufikiri, kwa sababu mguu haupendi kuulizwa. Kaa kwenye kigoda chako, piga kama kawaida, na mjukuu akae chini mbele yako atazame dole gumba lako, ahesabu, halafu yeye ndiye aniandikie.